Bustani Isiyo na Mlango wa Kutokea

Niliandika: "Wewe ni nani hasa? Nimekukosea nini?"

Nikatuma.

Ting!

Simu ikalia... ndani ya nyumba yangu!

Nikasimama katikati ya sebule, simu yangu mkononi. Nikajiambia labda imetokea tu. Nikaandika tena, neno moja.

"Jibu!"

Ting!

Sauti ilitoka nyuma ya televisheni. Nikasogeza pazia, nikaiona. Simu ya zamani ya mume wangu, ile iliyopasuka kioo kwenye kona, imechomekwa kwenye chaji. Simu ambayo aliniambia imekufa na ameshaitupa!

Kwenye kioo ujumbe wangu mwenyewe ulikuwa unanitazama. Juu yake, jina la akaunti.

Jicho Kavu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kwenye chaji, ndugu zangu, tena kinakula umeme wangu!

Sasa mtasema nilipiga mayowe. Au nilirusha kitu. Hapana. Sikuhisi chochote. Nilikaa kwenye mkono wa kochi nikaitazama ile simu kama mtu anavyotazama mvua inayonyesha mtaa wa pili.

Bafuni maji yalikuwa yanamwagika. Mume wangu alikuwa anaoga huku anapiga mluzi.

Ngoja niwaeleze ili twende sawa.

Mimi ni fundi wa mapazia. Nashona dukani kwa watu, napima madirisha, narudi nyumbani. Mume wangu ni fundi wa lifti. Tunaishi na mama yake, mama mkwe wangu, mwanamke wa maneno machache na magoti mabovu. Alifanya kazi miaka mingi getini kwenye uwanja wa mpira, anakata tiketi amesimama, na magoti ndiyo aliyoondoka nayo.

Mwaka jana nilikuwa na mimba. Ilifika miezi yake.

Mtoto alizaliwa. Hakulia.

Alikuwa wa kike. Siwezi kusema zaidi ya hapo, msinilazimishe.

Watu wanadhani tangu siku ile nina huzuni. Huzuni ningeijua, jamani! Mimi nilikuwa kama mguu ulioukalia muda mrefu. Upo, unauona, lakini ukiugusa si wako.

Niliporudi kutoka hospitali, nikakuta nguo zote za mtoto hazipo. Kofia, soksi, kile kiblanketi cha njano... vyote! Mama mkwe alikuwa amevikusanya kabla sijafika. Hakuniambia amevipeleka wapi. Hakuniambia hata pole. Aliniwekea uji mezani, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Nikajua. Huyu mama ananilaumu. Hata mtoto mwenyewe labda hakumtaka.

Kuanzia hapo tukawa tunaishi nyumba moja kama abiria wa basi moja. Akiniuliza, "Umeamkaje?" nasema, "Niko sawa, mama." Basi. Yamekwisha hayo.

Dada yangu akaona nitakauka. Akaja siku moja akaniwekea mchezo kwenye kompyuta.

"Cheza, mdogo wangu. Walau vidole vifanye kazi."

Ni mchezo wa kujenga bustani za burudani, hata kwenye simu unachezeka. Unapewa uwanja mtupu. Unaweka bembea, magurudumu makubwa, treni za kupanda na kushuka, maduka ya aiskrimu, vyoo. Ukimaliza unafungua geti, wanaingia wageni wadogo wadogo kama punje za mchele. Kila mgeni ana uso juu ya kichwa. Akifurahi, uso unacheka. Akichoka au akibanwa na haja, uso unanuna.

Nikaupenda. Au tuseme hivi... nilikuwa naweza kuucheza bila kuhisi kitu, na hiyo ilinitosha.

Kuna grupu ya wachezaji mtandaoni. Linaitwa Tembea Kwanza. Mnapandisha bustani zenu, mnakosoana. Lina sheria mbili tu, na admin hana mchezo nazo.

Ya kwanza: huruhusiwi kukosoa bustani ya mtu kwa kuitazama kutoka juu. Lazima ushuke, uwe mgeni, uingie getini na utembee njia zote. Ndipo useme.

Ya pili: ukikosolewa hujitetei. Unaandika neno moja tu. "Nimesikia." Ukibishana, unatolewa nje.

Humo ndimo nilimkuta Jicho Kavu.

Jamani, yule mtu! Nilipopandisha ngome yangu ya mlimani, watu wakamwaga mioyo. Dada hongera, dada una kipaji. Yeye akaandika:

"Ngazi zote hizi umemjengea nani, mbuzi? Mwenye magoti yake aishie getini?"

Nimesikia.

Nikajenga bustani ya maua. Akaja tena.

"Nimetembea mpaka miguu imewaka moto, kiti hakuna. Choo nimekiona kwa mbali kama mwezi."

Nimesikia.

Nikajenga ya tatu, ina rangi kama keki ya harusi.

"Rangi nimeziona. Kivuli je? Au wageni wako ni nguo za kuanika?"

Na mimi nilikuwa narekebisha! Naongeza viti, napanda miti, nasogeza vyoo. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu mtaani kila mtu alikuwa ananisemesha kwa sauti ya kunong'ona, kama vile nitapasuka. Huyu mshenzi peke yake alikuwa ananisema kama mtu mzima. Kuna siku nilimkasirikia mpaka nikasahau kupika, na usiku nikagundua kuwa hasira ile ilikuwa kitu cha kwanza kuhisi tangu hospitali.

Halafu nikajenga Bustani ya Kimya.

Sikumwambia mtu ni ya nani. Ilikuwa nyeupe yote. Haina muziki, niliuzima. Katreni kadogo kanazunguka ukuta taratibu. Katikati, farasi wa mbao wanazunguka bila kelele. Niliijenga muda mrefu kuliko zote, nikaipandisha Ijumaa jioni.

Grupu zima likalia. "Dada umeniua." "Dada hii si bustani, ni dua." Mioyo, mioyo, mioyo. Nikaitazama ile mioyo, sikuhisi kitu.

Jumamosi asubuhi, Jicho Kavu akaandika.

"Nimetembea bustani yako yote, sijaruka njia hata moja. Ni nzuri kuliko zote ulizojenga. Lakini hukuweka mlango wa kutokea. Wageni wameingia, wamezunguka, na sasa wanazunguka tu. Wameanza kununa. Utawafungia humo mpaka lini?"

Nikafungua kompyuta. Nikashuka chini kama mgeni.

Kweli! Hakukuwa na mlango. Umati wa nyuso zilizonuna umejazana kwenye ukuta, wengine wamekaa chini.

Hili ni kosa letu sisi wajenzi peke yetu. Mtu wa kawaida hawezi kulifanya. Sisi bustani tunaijenga kutoka angani, na tukitaka kuondoka tunabonyeza kitufe tu. Ndiyo maana tunasahau kuwa aliye ndani anahitaji mlango. Lakini aliyeanza jana ndiye hulifanya, si mimi!

Kila mtu alikuwa ameona weupe na farasi. Huyu ameona ukuta.

Nilitakiwa kuandika "nimesikia." Vidole vikakataa. Nikamfuata inbox, nikamuuliza yeye ni nani na nimemkosea nini.

Ting!

Basi, turudi sebuleni.

Mume wangu akatoka bafuni, taulo kiunoni, povu bado liko sikioni. Nikamwonyesha simu.

"Hii nini?"

Akasimama.

"Umeitoa wapi?"

"Nimekuuliza hii nini?"

"Ni simu."

"Naona ni simu! Uliniambia imekufa!"

"Ilikuwa... imekufa kidogo."

"Simu inakufa kidogo?"

Akajikuna kichwa, taulo nusura limdondoke.

"Mke wangu, hiyo simu si yangu."

"Kioo kilipasukia mkononi mwako, nikiwa nimesimama hapa hapa!"

"Ilikuwa yangu. Sasa si yangu."

"Ya nani?"

Akakaza taulo.

"Ya nani?!"

"Siwezi kusema. Niliapa."

Jamani... niliapa! Mnajua mwanaume akisema ameapa ana maana gani? Kuna mtu wa kumwapia. Nikaunganisha mambo haraka haraka. Kuna mwanamke. Mume wangu amempa simu, na huyo mwanamke ndiye anayeingia kwenye grupu langu kunidhihaki. Au ni yeye mwenyewe, mume wangu, ananitukana kwa vidole mchana, usiku ananiuliza nimekula nini.

Njia zote mbili zilinipeleka mahali pamoja.

"Umesoma alichoniandikia leo?"

"Sijasoma, naapa..."

"Unaapa sana wewe."

"Subiri kidogo, nivae kwanza. Tusubiri tuongee wote."

"Wote nani?"

Akaniangalia kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyomaliza kila kitu.

Nikaingia chumbani. Nikatoa begi juu ya kabati. Nikaanza kukunja nguo, nazikunja vizuri kabisa, mikono pamoja, kola juu, kama nakunja oda ya mteja. Mume wangu amesimama mlangoni anaita jina langu. Nilikuwa namsikia kama redio ya jirani.

Nikampigia dada.

"Nakuja kwako."

"Kuna nini?"

"Nimeachana na mume wangu."

"Lini?!"

"Sasa hivi. Nakunja nguo."

"Mbona unaongea kama unaagiza uzi?"

Ndoa yangu ilikuwa inakufa na mimi nilikuwa nawaza kama nichukue sweta moja au mawili. Hilo lilinitisha kuliko ile simu yenyewe.

Nikafunga zipu. Nikalivuta begi mpaka sebuleni. Mume wangu akashika mpini upande mmoja, mimi nikashika upande mwingine. Tunavutana.

Mlango wa nje ukafunguliwa.

Mama mkwe. Kikapu mkononi, vitunguu juu, amechoka kwa mwendo. Akatazama begi. Akamtazama mwanawe mwenye taulo. Akatazama ile simu niliyoibana kwapani.

Akaweka kikapu chini taratibu, akanyoosha mkono.

"Nipe simu yangu."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Simu... ya nani, mama?"

"Yangu. Nimeichomeka huko kwa sababu soketi ya chumbani kwangu imeungua. Nina fundi ndani ya nyumba anatengeneza lifti za watu, soketi ya mama yake hana muda nayo."

Nikamtazama mume wangu. Akainamisha kichwa.

"Aliniapisha," akasema kwa sauti ndogo.

"Mama... wewe ndiye Jicho Kavu?!"

"Jina nilichagua mwenyewe. Mtoto huyu alitaka niitwe Bibi Maua. Nikamwambia atoke."

Ngazi umemjengea nani, mbuzi? Mwenye magoti yake aishie getini? Kiti hakuna! Choo kama mwezi! Jamani, ningemjua mtu huyu gizani, na nilikuwa naye meza moja kila siku. Ama kweli usilolijua ni usiku wa giza.

Mama akamgeukia mwanawe.

"Wewe nenda kavae. Hatuongei na mtu mwenye taulo."

Akaenda. Mama akakaa kwenye kochi, akasugua magoti, akapiga mkono pale pembeni yake. Nikabaki nimesimama na begi langu.

"Kwa nini, mama?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini uliniingilia kule? Kama unanichukia si ungeniambia hapa hapa?"

Akaacha kusugua magoti.

"Hapa nikikuuliza umeamkaje, unanijibu nini?"

Akajijibu mwenyewe.

"Niko sawa, mama. Kila siku. Niko sawa, mama. Nikamuuliza mumeo, mkeo anatazama nini humo siku nzima? Akaniambia kuna watu wanaambiana makosa yao. Nikamwambia niingize na mimi. Maana nilikuona unawajibu wale."

"Nilikuwa nawajibu neno moja tu, mama."

"Halafu asubuhi nakuta umeongeza viti. Lile lilikuwa jibu kubwa. Hapa ndani nilikuwa sipati hata hilo."

Nikajikuta nimekaa. Sikumbuki nikikaa.

"Kwa nini hukuniambia pole?" nikauliza.

"Pole ziliingia humu ndani mpaka zikakosa pa kukaa. Uliona zimekusaidia?"

"Hapana."

"Na mimi sikuziona zikisaidia mtu. Nikaona nisikuongezee mzigo."

Kwa mara ya kwanza nikatamani kubishana. Nilikuwa na mengi, nimeyapanga mwaka mzima. Lakini sheria ya grupu ilikuwa imeniingia damuni.

"Nimesikia," nikasema.

Na yeye akatikisa kichwa kama admin. Halafu akaifuta ile simu kwa kanga yake, akabonyeza bonyeza kwa kidole kimoja, ulimi nje kidogo.

"Mimi nimetembea zako zote. Yangu hakuna aliyeitembea. Sijaipandisha. Itembee, halafu unikosoe. Usinihurumie."

Nikaipokea.

Ndugu zangu, sijawahi kuona bustani ya namna ile. Viti! Viti vimejaa kila mahali! Viti chini ya miti, viti kando ya viti, viti vinatazamana na viti. Choo kiko hatua mbili kutoka getini. Hakuna gurudumu, hakuna treni, hakuna hata bembea moja.

"Mama, mbona hakuna mchezo wowote?"

"Mchezo wa nini? Watu wanakuja kukaa."

Kicheko kikanitoka puani. Kidogo tu, kibaya, kama chafya. Mama akajifanya hajakisikia.

"Tembea," akasema.

Nikashuka chini, nikawa mgeni. Nikapita getini, nikapita choo, nikapita safu za viti vitupu. Mwisho kabisa wa njia, chini ya mti mkubwa, palikuwa na kiti kimoja chenye watu. Wageni wawili wadogo, wa umbo la mtoto, wamekaa pamoja.

Mchezo huu unakuruhusu kumpa mgeni jina. Unaligusa umbo lake, unaandika, na jina linabaki juu ya kichwa.

Wa kulia alikuwa na jina Mjukuu.

Nikasogea kwa wa kushoto.

Wa Kwanza.

"Mama... wa kwanza si mume wangu?"

Mama mkwe aliinama, akaanza kutoa vitunguu kwenye kikapu, anavipanga juu ya meza kimoja kimoja.

"Mumeo ni wa pili."

"Wa pili?"

"Kulikuwa na mwingine. Wa kiume." Akaweka kitunguu. "Alizaliwa. Hakulia."

Nikalaza simu mapajani.

"Mume wangu anajua?"

"Hakuna anayejua. Baba yake alisema tusiseme, tuendelee. Tukaendelea. Tumeendelea mpaka yeye naye kafa, hatujawahi kusema."

"Mama..."

"Nguo zake nilikuwa nimezifua kabla. Nilipotoka hospitali nikazikuta kambani. Ndogo ndogo, zinapepea. Hakuna aliyefikiria kuzianua. Nilisimama pale uani mpaka jirani akaja kunishika mkono."

Akasema kwa sauti ile ile ya kawaida:

"Wewe sikutaka uzikute."

Yale maneno yakaingia mahali ambapo hapakuwa pameingia kitu mwaka mzima.

"Mimi nilikuchukia kwa ajili ya zile nguo," nikamwambia.

"Najua."

"Nilidhani hukumtaka mtoto wangu."

"Najua. Nguo za mtoto wako zimo kwenye sanduku langu. Siku ukizitaka utaniambia. Usipozitaka zitakaa, hazili chakula."

Nikaumia.

Jamani, niliumia! Iliuma kifuani, ikauma tumboni, ikauma mpaka kwenye meno. Mguu ule uliokaliwa muda mrefu, damu ikarudi yote kwa mpigo. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo, nimejikunja kwenye kochi, na mama mkwe hakuniambia nyamaza. Aliweka mkono wake mzito mgongoni kwangu akauacha hapo, na mkono mwingine ukaendelea kushika kitunguu.

Nilipomaliza nikajifuta uso kwa pindo la pazia. Pazia nililoshona mwenyewe, msinicheke.

"Mama, nimetembea."

"Haya. Sema."

"Viti ni vizuri. Kivuli kipo. Choo... kimezidi kuwa karibu, mtu anaingia bustanini ananusa choo."

"Nimesikia."

"Na hawa wawili." Nikakigusa kioo palipopasuka. "Hawa ni watoto, mama. Umewakalisha tu kama wanaosubiri daktari. Hawana cha kuchezea."

Alitazama kile kiti kidogo, midomo imekaza.

"Nilidhani watakuwa wamechoka," akasema.

"Watoto hawachoki, mama."

"Nimesikia."

Halafu, kwa sauti ndogo kabisa:

"Mimi bembea sijui kuiweka. Kila nikibonyeza inatokea choo."

Tukaiweka pamoja. Nilimwelekeza, "bonyeza hapa, mama, sasa vuta," na kile kidole chake kinene kikavuta, ikasogea, ikakaa. Bembea mbili, chini ya mti.

Mume wangu akatokea mlangoni. Amevaa, vifungo vya shati vimepishana. Akatazama macho yangu yaliyovimba, akatazama begi, akatazama vitunguu mezani.

"Mmeelewana?" akauliza kwa woga.

"Kaa," mama yake akamwambia.

Akakaa upande wa pili wa mama. Na yule mwanamke wa maneno machache hakuzunguka hata kidogo.

"Wewe una kaka."

Akamweleza. Maneno yale yale, bila kuongeza. Mume wangu alikuwa anatazama mdomo wa mama yake kama mtu anayesoma. Mwisho akashika simu.

"Yupi?"

Mama akamwonyesha kwa kidole.

Sasa, kwenye mchezo huu huwezi kumlazimisha mgeni apande. Unaweka bembea, unasubiri. Akitaka atakwenda. Tukasubiri wote watatu, vichwa vimegusana juu ya kioo kilichopasuka.

Wa Kwanza akainuka.

Akatembea hatua chache, akasimama, kama anawaza. Mjukuu akashuka kwenye kiti, akamfuata.

"Amshike mkono," mume wangu akasema. Sauti yake ilikuwa imekatika. "Mwambie amshike mkono, ni mdogo yule."

"Mchezo hauna kitufe hicho," nikamwambia.

Mama akamtazama, akanitazama mimi.

"Basi bembea zisogeze," akasema. "Zikae karibu."

Nikazisogeza mpaka zikagusana.

Hiyo ndiyo stori yangu. Dada nilimpigia nikamwambia siji, akanitukana kwa furaha. Mlango wa kutokea kwenye bustani yangu bado sijauweka. Mama ananiuliza kila asubuhi, namwambia, "Bado, mama," na yeye anasema amesikia. Soketi imetengenezwa.

Somo nililopata ni hili, na mkitaka kunikosoa nikosoeni, ila someni yote kwanza. Kimya cha mtu wa nyumbani kwako usikikosoe kutoka juu. Shuka. Uingie getini kwake utembee. Mimi niliishi na mama aliyezika mtoto kama wangu, na mwaka mzima nilimhesabu kuwa adui kwa sababu hakuniambia neno pole.

Na msiniulize kama nimepona. Sijapona. Inauma kila siku, na mchana mwingine inauma mpaka naweka mkasi chini. Mama akiniuliza nimeamkaje, sasa namwambia.